Kabla Hujaipiga Fensi Nyundo

Chungulia mkia wa fensi kwenye msumeno wa meza wa karakana yenye kazi nyingi, iwe Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, utakuta alama za nyundo. Ziko upande wa ndani na upande wa nje, kwa sababu leo fensi ilipigwa ije, kesho ikapigwa irudi. Kila alama ina siku yake: mbao imetoka kichwani milimita 60 na mkiani 57, mteja amekaa kwenye benchi anasubiri, na umeme hauaminiki. Hasira ya mwenye nyundo ilikuwa ya haki. Aliyepigwa, mara nyingi, hakuwa na kosa.

Kwa asiyeizoea mashine hii, fensi ni ile kingo ndefu ya chuma au aluminiamu inayolala juu ya meza kandokando ya bledi. Unaisogeza hadi kwenye kipimo unachotaka, unabana mkono wake, kisha unasukuma mbao ikiwa imeiegemea. Kazi yake ni kusimama palepale ilipowekwa. Basi. Lakini kazi hiyo ndogo inazishinda fensi nyingi, hasa za mashine nyepesi za kubebeka zilizojaa madukani siku hizi, na inawafanya mafundi wazuri waamini kwamba hawajui kupima.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, nyundo nyingi zitabaki kwenye sanduku. Mbao isiyolingana upana na mbao iliyoungua ni matatizo mawili tofauti. Upana wa kipande unaamuliwa mahali pamoja tu, nao ni umbali kati ya fensi na jino la mbele la bledi, lile linaloingia kwenye mbao kwanza. Fensi ikiwa haijasogea, na mbao ikawa imeiegemea mwanzo hadi mwisho, kipande kitatoka na upana uleule hata kama mkia wa fensi umekwenda upande kidogo. Kwa hiyo ukipata 60 kichwani na 57 mkiani, usikimbilie kunyoosha fensi. Uliza maswali matatu. Je, fensi ilisogea au kujikunja wakati unasukuma? Je, mbao iliachana nayo njiani? Au ubavu wa mbao ulioegemea fensi haukuwa umenyooka tangu mwanzo? Jibu karibu kila mara limo humo.

Kuungua ni habari nyingine. Hapo ndipo usambamba unapohusika. Meno ya nyuma ya bledi hayana kazi ya kukata. Mbao inapoyafikia, njia imeshafunguliwa na yale ya mbele. Fensi ikiwa imeelekea ndani kwa nyuma, mbao inabanwa kati yake na meno hayo, inasuguliwa, inatoa moshi na doa jeusi. Ikiwa imeelekea nje kupita kiasi, meno ya nyuma yanakwangua kile kipande cha upande wa pili.

Kwenye karakana moja ya Keko nilimkuta kijana akipasua mninga kwa ajili ya fremu za kabati. Kila kipande kilitoka na ukanda mweusi, na harufu ya mninga uliounguzwa ilishajaa banda zima. Akaweka kipande cha nne chini, akanyoosha mkono kwenye nyundo.

“Wacha kwanza,” fundi mkuu akasema bila kuinua sauti. “Zima. Chomoa kabisa.”

Akaokota kipande kilichokatwa na kile kilichobaki, akavishika pamoja kama vilivyokuwa kabla ya kutenganishwa. “Kimeungua kipi?”

“Hiki cha upande wa fensi, mzee.”

“Na hiki cha nje?”

“Hiki safi.”

“Basi mkia wa fensi umekuja ndani.”

“Si ndiyo nilitaka kuupiga utoke?”

“Ukiupiga utajuaje umefika?”

Kijana hakuwa na jibu, na swali lile ndilo linalostahili kuandikwa ukutani. Nyundo inasogeza; haipimi. Fundi mkuu alichana karatasi ya daftari, akalegeza boliti mbili za kichwa cha fensi kwa spana, na ndani ya muda wa kunywa chai kazi ilikwisha. Ila hakuanzia kwenye fensi. Alianzia kwenye bledi, na huo mpangilio ndio nitakaoueleza hapa kwa kirefu, kwa sababu wengi huufuata kinyumenyume: wanailinganisha fensi na bledi ambayo yenyewe imekaa upande.

Chomoa waya ukutani. Swichi iliyozimwa haitoshi, maana mikono yako itakuwa kati ya meno. Halafu safisha. Vumbi lililoshikana na utomvu ndani ya reli ya mbele hufanya kichwa cha fensi kikae juujuu, na kila unapobana kinakaa tofauti. Brashi ya mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo vinatosha. Kwa walio pwani, ambako meza ya chuma cha kusubu hushika kutu ukiiacha mvua moja tu, piga msasa laini, futa, kisha paka nta ya mshumaa juu ya meza na kwenye uso wa fensi, uisugue kwa kitambaa mpaka isibaki ya kushika. Grisi na oili usitumie hapo juu. Zitaingia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika.

Sasa bledi. Meza nyingi za kiwandani zina mfereji mmoja au miwili inayokwenda mbele na nyuma, ile inayopitisha skwea ya mashine. Mfereji ndio msingi wa kila kitu, kwa sababu umechongwa kwenye meza na hauhami. Bledi inalinganishwa na mfereji kwanza. Fensi inalinganishwa na mfereji baadaye. Vyote viwili vikikubaliana na mfereji, vitakuwa vimekubaliana vyenyewe.

Huhitaji saa ya kupimia ya bei mbaya. Chukua kipande cha mbao ngumu, kifunge kwa skurubu kwenye ile skwea ya mashine, na kwenye ncha yake inayotazama bledi piga skurubu nyingine ikae nje kidogo. Nyanyua bledi hadi mwisho. Chagua jino moja, lipake alama kwa kalamu. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilo liwe mbele, sogeza skurubu hadi kichwa chake kiguse jino kwa wembamba kabisa, kiasi cha kusikia kwaruzo ukilizungusha. Kisha teleza skwea hadi nyuma, na zungusha bledi ili jino lilelile lije nyuma. Ni muhimu liwe lilelile, kwa sababu meno hayafanani na bledi yenyewe inaweza kuwa na wimbi. Ukitumia mawili tofauti utakuwa umepima tofauti ya meno.

Likikwaruza vilevile, umemaliza. Likiacha nafasi, ingiza karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, na hiyo ndiyo tofauti ya juu unayopaswa kuivumilia kati ya mbele na nyuma. Zikiingia karatasi tatu, kuna kazi ya kufanya. Likigoma kupita kabisa, bledi imeelekea upande wa skwea. Tatizo ni lilelile kinyume chake.

Kazi yenyewe inategemea mashine. Kwenye mashine nzito za mtumba zilizokaa juu ya kabati la chuma, mara nyingi unalegeza boliti tatu au nne zinazoshika meza na kuizungusha meza yenyewe. Acha moja ibane kidogo iwe kama kituo, na gonga kwa nyundo ya mbao. Kwenye nyingine, mota na bledi vinaning'inia chini ya meza, kwa hiyo boliti za kulegeza ziko huko chini na utalazimika kuinama kwa tochi. Mashine ndogo za kubebeka huwa na skurubu za kurekebisha kwa nyuma, au hazina kitu. Kaza boliti moja moja kwa kupokezana, halafu pima tena, maana kukaza kwenyewe huhamisha. Hapa ndipo subira inapoisha kwa wengi: unapata sawa, unakaza, imehama. Rudia. Hakuna njia ya mkato.

Bledi ikikubaliana na mfereji, geukia fensi. Isogeze hadi ukingo wa mfereji, ibane, na upitishe kidole kwenye mstari ambapo uso wa fensi na ukingo wa mfereji vinakutana. Kidole kinasikia tofauti ndogo kuliko jicho linavyoona. Ukitaka uhakika, tumia ileile skurubu ya skwea, iguse uso wa fensi mbele, kisha iteleze hadi nyuma.

Mafundi hubishana kama fensi iwe sambamba kabisa au mkia wake uachwe wazi kidogo. Mimi niko upande wa kuuacha wazi kwa unene wa karatasi moja, kwa sababu fensi hainyooki daima, na kosa dogo la kuelekea nje linakupa mkwaruzo, lakini kosa dogo la kuelekea ndani linakubania mbao kwenye meno yanayopanda. Ila kama una kawaida ya kuhamisha fensi kwenda upande wa pili wa bledi, usiweke uwazi huo. Kilichokuwa nje upande wa kulia kitakuwa ndani upande wa kushoto.

Kisha kagua wima wa fensi: simamisha skwea ya mkono kati ya meza na uso wake. Ukiona mwanga juu au chini, mbao utakazopasua kwa kuzisimamisha zitakuwa na pembe isiyokamilika, na gundi itaunga vibaya. Baadhi ya fensi zina skurubu za kurekebisha wima. Kwa zisizo nazo, kipande cha bati la kopo la soda chini ya kichwa cha fensi kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko unavyodhani.

Linalokera kuliko yote ni kubana. Umeweka fensi vizuri kwenye 60, unashusha mkono wa kufungia, na mkia unaruka milimita moja. Ili ujue cha kufanya, tazama fensi yako inashika wapi.

Zipo zinazoshika kwa mbele tu, zenye kichwa kipana kinachokumbatia reli kama herufi T. Muundo huo ulipata umaarufu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi ya William Biesemeyer, na leo unaigwa karibu kila mahali. Wazo lake ni kwamba kichwa kikiwa kipana na reli ikiwa nzito, hakuna haja ya kushika nyuma. Kwenye fensi hizi unalegeza au kukaza skurubu mbili za ndani ya kichwa, moja ikiingia na nyingine ikitoka, mpaka mkia ukae. Kama mkono wa kufungia unashuka bila upinzani, fensi itasogea kazini. Kuna skurubu ya kuongeza ukali wake, itafute. Jaribio ni rahisi: chora mstari wa penseli mezani kando ya mkia, sukuma mkia kwa kidole gumba kwa nguvu ileile unayotumia ukiwa unapasua, kisha tazama mstari.

Nyingine zinashika mbele na nyuma. Hizi hukorofisha zaidi kwa sababu ncha mbili zinabishana. Bana mbele kwanza, na kabla ya kubana sukuma kichwa cha fensi kwa kiganja kikae bapa kwenye reli. Ndipo ndoano ya nyuma ishike. Ndoano hiyo ikikazwa kupita kiasi, fensi nyepesi ya aluminiamu inapinda katikati. Inakuwa sawa mbele, sawa nyuma, na tumbo limetoka palepale penye bledi. Weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwake ikiwa imefungwa, utaliona tumbo hilo. Watu huhangaika muda mrefu na fensi ya namna hii wakipima ncha zake mbili tu.

Kuhusu ile skeli iliyobandikwa kwenye reli, ushauri wangu ni mfupi: itumie kufika karibu, usiitumie kumaliza. Mshale wake unakosea kila unapobadilisha bledi nene kwa nyembamba, na kwenye mashine nyingi za kuagizwa imeandikwa kwa inchi, wakati mteja amekuletea mchoro wa jiko wenye kina cha milimita 600. Ukigeuza unapata inchi 23 na sehemu 5 kati ya 8, na unakisia kwa macho kwenye mstari mwembamba. Toa futi, pima kutoka uso wa fensi hadi kwenye jino la mbele lililoinama kuja upande wa fensi. Meno huinama kwa zamu, moja huku moja kule, na ukipima hadi lile la upande wa pili utakuwa umeongeza unene wote wa njia ya bledi, ambao kwa bledi ya kawaida ya inchi 10 ni karibu milimita 3. Kisha pasua kipande cha majaribio, kipime. Vipande vyote vya kipimo kimoja vipasue kwa mpigo mmoja, bila kugusa fensi. Kuirudisha kesho palepale ilipokuwa jana ni bahati.

Sasa nije kwa wenzetu ambao mashine yao haikutoka kiwandani. Karakana nyingi za Afrika Mashariki zinaendeshwa na mashine iliyochomelewa mtaani: fremu ya chuma cha engo, meza ya bati nene, shafti yenye beringi mbili, mkanda na mota. Mara nyingi upande mmoja una kisu cha kuranda na upande wa pili bledi. Mfereji hakuna. Reli hakuna, au ipo imekatwa kwa gesi. Anayesema mashine hii haiwezi kupasua sawa hajaona kazi zake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mara nyingi ni kweli. Ila hapa mkulima anaweza kulinoa jembe lake.

Bila mfereji, tumia bledi yenyewe kuwa msingi. Tatizo ni ufupi wake. Sehemu ya bledi inayoonekana juu ya meza ina urefu wa kama sentimita 20, kwa hiyo kosa dogo la kupima linazidishwa kadiri fensi inavyorefuka. Dawa ni kuirefusha. Tafuta kipande cha bomba la pembe nne kilichonyooka, au rula ndefu ya chuma yenye urefu wa karibu mita moja, kiegemeze kwenye mwili wa bledi, kati ya meno, kisiguse jino lolote. Pima kutoka kipande hicho hadi kwenye fensi, mbele kabisa na nyuma kabisa. Zungusha bledi nusu mzunguko, pima tena. Vipimo vikitofautiana sana baada ya kuzungusha, bledi imepinda au flanji yake imeshika uchafu, na hakuna fensi itakayokusaidia mpaka hilo lishughulikiwe.

Na fensi yenyewe? Nitasema jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Mbao ngumu iliyonyooka, iliyokauka vizuri, yenye upana wa inchi nne hivi, ikibanwa kwa klampu mbili, moja mbele na moja nyuma, ni fensi bora kuliko nyingi zinazokuja na mashine ndogo za bei nafuu. Haina mkono wa kufungia wa kuruka, haina plastiki ya kuvunjika. Mkongo au mvule uliokaa sana unafaa. Iliyo bora zaidi ni kuunganisha vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 kwa gundi, kwa sababu plaiwudi haivutwi na unyevu kama mbao nzima. Chini yake, upande wa bledi, kwangua ukingo mdogo ili vumbi lipate pa kuingia. Lisipopata, litajaa kati ya mbao na fensi na kukusogezea kipimo. Usumbufu wake ni kuipanga kila unapobadilisha kipimo. Kata vijiti viwili vya kipimo unachokitumia kila siku, kama 45 au 70, cha pili ukikiongezea tofauti ya meno: cha kwanza kiweke kati ya jino na fensi mbele, cha pili kati ya ile rula ndefu iliyoegemea bledi na fensi nyuma. Utaipanga haraka kuliko mwenye skeli.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ya kudumu kutoka bomba la pembe nne, yenye kichwa kipana kinachoteleza kwenye engo iliyofungwa mbele ya meza. Mwambie afunge engo hiyo kwa boliti, asiichomelee. Joto la kuchomelea hupinda chuma, na reli iliyopinda hutaweza kuilegeza ukairekebisha.

Hadi hapa nimezungumzia kipimo. Kuna jambo kubwa zaidi ya kipimo, nalo ni mbao kurushwa. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda karibu mita 53 kwa sekunde. Meno ya mbele yanashuka na kuikandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda, na yanakuja upande wako. Kipande kikibanwa kati ya fensi na meno hayo, kinanyanyuliwa na kutupwa kuelekea kwa anayesukuma. Ndiyo maana husimami nyuma ya bledi moja kwa moja. Unasimama kando, upande usio wa fensi. Na ndiyo maana kile kisu chembamba kinachosimama nyuma ya bledi, ambacho wengi hukifungua siku ya kwanza wakakitupa kwenye droo, kinapaswa kurudishwa. Kazi yake ni kuzuia njia ya mkato isijifunge na mbao isiyafikie meno yanayopanda.

Waingereza na Wazungu wa Ulaya bara wana desturi ambayo Wamarekani wengi hawana, nami naiunga mkono kwa mbao za asili. Fensi zao zinateleza mbele na nyuma, na wanapopasua mbao wanairudisha mpaka ncha yake iishie kupita kidogo tu pale meno ya mbele yanapoingia. Baada ya hapo kipande kilichokatwa kiko huru. Hakuna cha kukibana. Kwa plaiwudi na blokbodi, ambazo haziachii mvutano wa ndani, fensi ndefu ndiyo nzuri. Kama yako haitelezi, funga kwa klampu ubao mfupi usoni mwake, unaoishia katikati ya bledi. Kumbuka tu kupima kutoka kwenye ubao huo.

Hili lina maana zaidi kwa paina za mashamba ya Mafinga, Tanzania, zinazofika sokoni zikiwa bado mbichi. Mbao ya namna hiyo ina nguvu zilizofungwa ndani yake. Ukiipasua, inafunguka kama upinde au inajifunga na kuishika bledi, na fensi iliyonyooka kuliko zote haiwezi kuizuia. Usiilaumu. Pasua kwa upana uliozidi milimita tano au zaidi, iache ikae siku kadhaa, randa ubavu mmoja unyooke, ndipo upasue kwa kipimo cha mwisho. Mbao iliyopinda isiyo na ubavu wa kuegemea, ipigilie skurubu juu ya utepe wa plaiwudi ulionyooka, na utepe ndio uegemee fensi. Hapo ndipo majibu ya yale maswali matatu ya mwanzo yanapopatikana mara nyingi zaidi.

Mbao inayoachana na fensi njiani inasababishwa na mikono. Mkono wa kushoto unasukuma kuelekea fensi, mbele ya bledi, kamwe si kando yake. Wa kulia unasukuma kwenda mbele. Macho yatazame pale mbao inapogusana na fensi. Wengi hutazama bledi, kwa sababu inatisha, na mbao inatoka sentimita nyingi kabla hawajagundua. Kipande kikiwa chembamba kuliko kiganja, tumia kijiti cha kusukumia. Glovu vua.

Usiitumie fensi kuwa kituo cha kukata vipande vifupi kwa kuvuka nyuzi. Kipande kifupi kikibaki kati ya bledi na fensi kinageuka, kinabanwa na kuruka. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kibao kidogo kwenye fensi, mbele kabisa ya bledi, kitumike kupimia tu. Mbao ikishaanza kukatwa iwe imeshakiacha.

Kuna wakati wa kukubali. Reli ya mashine ndogo ikiwa bati jembamba linalobonyea kwa kidole, umefika mwisho wa marekebisho. Nunua au tengenezesha fensi mpya kabla ya kununua mashine mpya. Unapokwenda dukani, acha kusoma nguvu ya mota kwanza. Funga fensi, shika mkia wake, utikise. Ifungue, ifunge tena palepale, pima mbele na nyuma kwa futi uliyokwenda nayo. Muuzaji anayekataa usifanye hivyo amekuokolea pesa. Na kama kazi yako kubwa ni kukata shiti za futi 4 kwa 8 za makabati, fikiria mashine yenye meza ya kuteleza, ambayo Mjerumani Wilhelm Altendorf aliianzisha mwaka 1906. Hapo shiti inabebwa na meza, na fensi inabaki na kazi ya kupimia.

Ukisharekebisha, weka alama ya rangi kwenye kila boliti uliyoigusa, mstari mmoja unaovuka kutoka boliti hadi mezani. Wiki chache zikipita tazama mistari. Ikiwa imekatika, mtetemo umelegeza boliti: kagua mkanda, puli na miguu ya mashine kama imekaa sawa sakafuni, kabla hujarudi kwenye fensi. Ikiwa iko mizima na mbao bado zinaungua, bledi imekuwa butu au imejaa utomvu. Ipeleke ikanolewe.